Wino Mzito wa Bibi Isono

Mjini kwetu kuna watu ambao hata leo, wakimwona Bibi Torigoe Isono anapita na kikapu chake, hushusha sauti na kusema: huyo ndiye aliyemwaibisha marehemu Mwalimu Kaburagi mbele ya wageni wa mkoa. Wanasema ni kikongwe asiyejua adabu za msiba. Wanasema alijifunza kuandika uzeeni, ndiyo maana kichwa kikamvimba. Mimi nilikuwapo. Nilisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia brashi ikigusa karatasi, na nimechoka kusikiliza upumbavu. Nitalisimulia jambo hili tangu mwanzo wake, na asiyetaka kusikia arudi kwenye simu yake akaguseguse kioo.

Isono alizaliwa katika nyumba ya mwisho ya kijiji cha bondeni, kule juu mto unakoanzia, ambako theluji ikishika hufunika madirisha mpaka watu wanawasha taa mchana. Baba yake alichukuliwa vitani, likarudi boksi jepesi lenye kipande cha karatasi ndani. Mama alibaki na midomo mingi ya kulisha. Basi mwaka ule wa mwisho wa vita, Isono, msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alipelekwa mjini kwa akina Kaburagi, wenye kiwanda cha miso, ile rojo ya soya ambayo bila hiyo sisi hatuna supu. Alipelekwa kuwa yaya. Mtoto wa kubeba alikuwa Takatsugu, mwana wa kwanza wa nyumba ile, bado hajaota meno. Walimfunga mgongoni mwa Isono kwa mkanda wa kitambaa asubuhi, wakamfungua jioni.

Siku zile yaya wadogo walikwenda shule na watoto mgongoni, na hakuna aliyeshangaa. Walikalishwa karibu na mlango. Mtoto akilia, mwalimu hasemi neno. Ananyoosha kidole tu kuelekea nje. Takatsugu alikuwa mtoto wa kulia. Kila siku Isono alitolewa, akasimama chini ya dirisha, akirukaruka kwenye theluji ili mtoto alale, huku ndani wenzake wakiimba kwa pamoja: a, i, u, e, o, ka, ki, ku, ke, ko. Yeye nje akaimba nao. Ubao hakuuona. Hivyo akazijua sauti zote za lugha yetu kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya mwisho, asijue hata moja ina sura gani. Na kwa kuwa hakuwa na wimbo mwingine wa kubembelezea, akambembelezea mtoto kwa hizo hizo. Takatsugu alilala kwa a, i, u, e, o. Akaamka kwa a, i, u, e, o.

Na zile siku chache alizobaki ndani ya darasa hazikuwa za heri. Sisi watu wa kaskazini tunasema kwa midomo iliyofumbwa nusu. Wakubwa wetu walikuwa wakisema ukifungua mdomo wote baridi itaingia mpaka tumboni. Serikali ilitaka tuseme kama watu wa Tokyo. Aliyesema kama mama yake alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakivaa mpaka apatikane mwingine wa kukosea. Hebu fikiri: msichana ana mtoto wa watu mgongoni na kibao kifuani. Mzigo nyuma, aibu mbele.

Mwisho shule ikatuma ujumbe kwa akina Kaburagi kwamba mtoto anakohoa. Mama mwenye nyumba akamwita Isono jikoni.

"Kuanzia kesho huendi."

"Bi mkubwa, niende hata siku moja moja."

"Na Takatsugu abebwe na nani? Ajibebe mwenyewe?" Wapishi wakacheka. "Msichana wa kubeba mtoto anahitaji mgongo, hahitaji herufi."

Basi. Hivyo ndivyo shule yake ilivyokwisha. Baadaye vita vikaisha, zikaja sheria mpya, kila mtoto lazima asome. Sheria ilikuja kwenye karatasi, na karatasi haikufika nyuma ya kiwanda cha miso, ambako Isono alikuwa ameshafungwa mtoto wa pili mgongoni.

Alipokua aliolewa na Torigoe, mzoa theluji wa reli, mtu mpole aliyejaza kila fomu ya nyumba ile bila kumdharau mkewe hata siku moja. Isono alifanya kazi ya kupanga matofaa kwenye maboksi, na hakuna aliyeyapanga vizuri kama yeye. Torigoe alipokufa, ndipo mambo yakawa magumu. Hospitali inataka jina. Posta inataka jina. Msibani, mlangoni tu, kuna meza na kitabu na brashi, kila mwombolezaji aandike jina lake. Isono akatafuta dawa: bendeji. Kila alipokwenda mahali pa kuandika, alijifunga mkono wa kulia.

"Bibi, mkono tena?" mpokeaji wa zahanati alimwuliza siku moja.

"Birika, mwanangu. Birika langu lina uadui na mimi."

"Basi nikuandikie. Lakini linunulie birika hilo kamba, ulifunge."

Alicheka naye, akaenda nyumbani, akaifua ile bendeji, akaipiga pasi, akairudisha mkobani. Hiyo ndiyo aibu ninayoizungumzia. Mtu anapiga pasi uongo wake ili uwe msafi.

Na Takatsugu je? Takatsugu alisoma. Akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, akawa bingwa wa kuandika kwa brashi, mwenye mkono mzuri kuliko wote mkoani, hilo sitamnyima. Herufi zake zilikuwa na mifupa. Alipostaafu akafanywa mwenyekiti wa ukumbi wa mtaa. Kwetu, mwaka mpya ukiingia, kila mtu huandika karatasi yake ya kwanza ya mwaka, na karatasi hizo hutundikwa ukumbini, za watoto na za wazee. Mwenyekiti hupita akitazama moja moja, kisha anahutubia. Na kila mwaka Mwalimu Kaburagi alihutubia jambo lile lile.

"Nilipokuwa mchanga," alikuwa akisema, mkono mmoja kwenye kipaza sauti, "nilikuwa na yaya, msichana wa bondeni. Alinipenda kiasi kwamba aliacha shule kwa hiari yake ili mimi nisipate baridi. Aliniimbia herufi kabla sijajua kusema. Kila mstari ninaouandika una joto la mgongo wake."

Wanawake walitoa leso. Wanaume walikohoa. Na Isono alikuwa humo ndani, na kikundi cha wanawake, akimimina chai.

Mwaka mmoja nilimkuta kwenye sinki la nyuma, anaosha vikombe kwa maji ya baridi kwa nguvu kana kwamba vimemtukana. Mimi ni mchora mabango, au nilikuwa. Jina langu Monma. Sikusoma zaidi ya shule ya kati. Herufi ngumu nilijifunza kwa kuzichora juu ya milango ya watu, kwa hiyo nikikosea mji mzima unaona. Isono alinijua tangu ujana, kwani niliandika jina la ghala la matofaa alilofanyia kazi.

"Kwa hiari yangu," aliniambia bila kugeuka. "Umesikia, Fundi? Mimi niliacha kwa hiari yangu. Hiari yenyewe nilikuwa nimeiweka wapi, kwenye mkanda au kwenye nepi?"

"Mwambie basi, Dada. Yuko pale anakula keki ya mchele."

"Nimwambie kwa mdomo huu? Yeye ana kipaza sauti, mimi nina sauti ya bondeni. Watasema bibi kachanganyikiwa." Akafunga bomba. "Nitaandika jina langu. Nitalitundika pale ukutani, alisome mwenyewe kwa macho yake, aulize ni nani. Ndipo nitamwambia sikuacha. Niliachishwa."

Ndicho alichokitaka, na hakutaka kingine. Hakutaka pole wala zawadi. Alitaka mtu yule asome jina lake, kisha asikie ukweli.

Mwaka huo huo alijiandikisha katika darasa la wazee pale ukumbini, la kujifunza kuandika na kutamka. Mwalimu aliletwa kutoka mji mkuu wa mkoa, binti aitwaye Ayukawa, mwenye vyeti na tabasamu. Alikuja na vioo vidogo vya mkononi, akampa kila mmoja cha kwake ili ajitazame mdomo.

"Aaa. Fungueni mdomo, mama zangu. Vidole viwili viingie. Aaa!"

"Mwalimu," akasema Bibi Hatsu, muuza tofu, ile jibini ya soya, "tukifungua kiasi hicho meno ya duka yatadondoka."

"Na ukiyapoteza, Hatsu, usije kuyatafuta kwenye tofu niliyonunua kwako," mwingine akadakia.

Wakacheka wote. Isono hakucheka. Mwalimu alipomwuliza kama anajua sauti chache, alisimama wima kama askari akazitoa zote, safu kwa safu, bila kusita, kwa ule mwendo wa kubembeleza mtoto, hata mabega yake yakiyumba.

"Ajabu!" akasema Mwalimu Ayukawa. "Lakini Bibi Isono, 'su' yako na 'shi' yako zinafanana. Tazama kioo. Midomo."

"Ndivyo nilivyozaliwa nayo."

"Tutairekebisha. Haya, nionyeshe 'ka' kwenye chati."

Isono akaitazama chati ukutani. Herufi zote zilikuwa pale, arobaini na kitu, mbele ya macho yake, na hakujua hata moja. Alikuwa kama mama ambaye amewaita watoto wake kwa majina, nao wamesimama mbele yake na yeye hawatambui. Alishusha kioo taratibu mezani.

Hapo nataka kusema jambo, na sitaomba radhi. Wale watu walitoa kibao shingoni mwetu wakatupa kioo mkononi. Ni kitu kimoja. Lugha ya bondeni ilikuwa na maneno ya theluji ya asubuhi na theluji ya jioni, theluji inayoshika koleo na isiyoshika. Leo ukiyasema kwa wajukuu wanakutazama kama redio iliyoharibika. Tumefunguliwa midomo, ndiyo, vidole viwili vinaingia, na hakuna kilichobaki ndani.

Isono alivumilia kioo kwa sababu alitaka zile sura. Alianza na jina lake. Kwa herufi zetu nyepesi 'Isono' ni herufi tatu. 'I' ni mistari miwili mifupi, imesimama inatazamana kama majirani walionuniana. 'So' ni njia ya mlimani, inakwenda kulia, inarudi kushoto, inateremka. 'No' ni mzunguko mmoja, konokono. Mtoto wa miaka sita huzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mkono wa Isono ulikuwa wa maboksi na ndoo, brashi ilimcheza.

Siku moja Mwalimu Kaburagi akaja kutembelea darasa, kama mwenyekiti, na brashi yake ya wino mwekundu ya kusahihishia. Alikuwa mzee mrefu, msafi, ananukia sabuni. Akapita nyuma ya migongo, "vizuri, vizuri," mpaka kwa Isono. Isono alikuwa ndiyo kwanza ameandika 'i', wino ukamwishia katikati, mstari ukatoka mwembamba, naye akarudisha brashi juu yake aunenepeshe.

"A-a! Hapana." Mwalimu Kaburagi akamshika kiwiko. "Mstari ukishawekwa haurudiwi. Ukiurudia unaongeza nyama ya uongo, na kila mtu ataiona. Kilichoandikwa kimeandikwa, hata kama kimepinda."

Hilo ni kweli. Ndiyo kanuni ya kwanza ya brashi, na aliufundisha mji mzima. Kisha akainama, na kwa wino wake mwekundu akaandika 'i' yake nzuri juu ya 'i' ya Isono, ikaifunika.

"Wewe ni wa bondeni, eti? Nasikia kwenye matamshi. Mimi nilikuwa na yaya wa huko."

Darasa zima lilikuwa linasikiliza. Isono aliweka brashi chini.

"Alikuwa anaitwa nani, Mwalimu?"

Mwalimu Kaburagi akafungua mdomo. Akatazama juu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye rafu.

"Jina... unajua, jina limenitoka. Sidhani kama nililijua. Tulikuwa tukimwita Dada tu." Akatabasamu. "Lakini moyo wake nautambua."

Akaenda kwa Bibi Hatsu.

Bibi Hatsu ndiye aliyenisimulia haya, na alipofika hapo aliacha kukata tofu. Maisha yake yote mtu yule amekula sifa kwa mgongo wa mwanamke, na hajawahi kuuliza anaitwa nani! Watu wananiambia: Fundi, usiwe mkali, alikuwa mtoto mchanga. Ndiyo, alikuwa mchanga. Kisha akakua. Alikuwa na miaka yote ile ya kuuliza.

Isono hakurudi darasani. Alikuja kwenye karakana yangu, akavua viatu, akapanda mkekani, akakaa juu ya visigino vyake.

"Fundi, huna kazi."

"Asante kwa kunikumbusha."

"Basi nifundishe. Bila vioo."

Kweli sikuwa na kazi. Siku hizi bango linatoka kwenye mashine kama tambi, herufi zote zina unene mmoja, kama watu waliozikwa kwenye sare. Tulianza pale walipokuwa wakianza watu wa zamani: na wino. Matone machache ya maji kwenye kijiwe cha kusagia, mche wa wino mkavu umeshikwa wima, unazungushwa polepole. Sasa wananunua wino wa chupa wanasema wameokoa muda. Muda wa nini, sijaambiwa. Ule wakati wa kusaga ndipo mkono unapopoa na mtu anapojua anataka kuandika nini.

Isono alipenda kusaga. Alisema ni kama kutwanga, ila kimya. Bendeji yake aliikata vipande akafanya vitambaa vya kufutia brashi, na vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine, na hakununua nyingine. Majira yote ya baridi aliandika jina lake, na jina la mumewe, na maneno ya bondeni niliyomwomba ili yasipotee. Hakurudia mstari. Ukipinda, aliutazama, akachukua karatasi nyingine. Nilimfundisha pia desturi ya wino, maana wino nao una heshima zake. Wa mwaka mpya na harusi unasagwa mpaka ung'ae. Wa msiba unatiwa maji uwe kijivu, maana yake machozi ya mwandishi yameanguka kwenye kijiwe yakauzimua.

"Na asiyelia?" aliniuliza.

"Anatia maji ya bomba, kama wengine wote."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, mkono wake ulikuwa tayari. Haukuwa mkono mzuri. Ulikuwa mkono wake. Tulichagua karatasi ya kutundika ukumbini. Tukapanga hata mahali, karibu na mlango, ambapo mwenyekiti hawezi kupita bila kusoma. Na majuma machache kabla ya mwaka mpya, Mwalimu Kaburagi alianguka bafuni kwake akafa.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Isono. Alikuwa anang'oa figili za kukausha. Alinisikiliza, akaendelea kung'oa mpaka mwisho wa tuta.

"Ameniwahi," alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Basi jina nitalipeleka kwake."

Asubuhi ya mazishi alikuja karakanani amevaa nguo nyeusi, akaketi mbele ya kijiwe cha wino, akaanza kusaga. Nilivaa tai yangu. Aliendelea. Nikanywa chai. Aliendelea.

"Wino umetosha, Dada. Tutachelewa."

"Bado."

Akausaga mpaka ukawa kama lami, akautia kwenye kichupa, akafunga. Nilidhani atauzimua huko huko. Sikuuliza.

Nyumba ya mazishi ni jengo jipya karibu na maegesho ya supamaketi. Zamani maiti aliagwa nyumbani kwake, majirani wakipika jikoni, na meza ya majina ilikuwa pale uani. Sasa mlangoni kulikuwa na vioo vya kompyuta vimesimamishwa kwenye vyuma, na binti wa kampuni ya mazishi mwenye glavu nyeupe.

"Karibu, bibi. Gusa hapa. Au usijisumbue, taja jina tu, mashine itaandika yenyewe."

"Mashine nayo ina msiba na nani?" akauliza Isono.

Binti akatabasamu vile walivyofundishwa. Nikamwona Isono anaangaza macho, na uso wake ukanitia uchungu mpaka nikataka kupiga teke vile vyuma. Miaka yote ile ya bendeji, kulikuwa na kitabu na brashi. Amejifunza kuandika, kitabu kimeondolewa! Mlango ule walimfungia, na siku alipopata ufunguo wake wakaung'oa mlango wenyewe.

Lakini upande wa ndani, karibu na maua, kulikuwa na meza ndogo yenye kitabu cha karatasi nzuri. Kwa kuwa marehemu alikuwa bingwa wa brashi, familia ilikiweka kwa ajili ya wakubwa: wageni wa mkoa, wakuu wa shule, mabingwa wenzake. Sisi wengine tuguse kioo. Mwanawe, Kaburagi Masaomi, alisimama hapo akiwainamia. Isono akaenda moja kwa moja. Nikamfuata.

"Samahani, bibi," Masaomi alisema kwa upole, "meza hii ni ya wageni waliopangwa. Mashine ziko pale..."

"Nilimbeba baba yako."

"Samahani?"

"Mgongoni. Mpaka alipojua kutembea."

Uso wa Masaomi ukafunguka. Masikini, alifurahi kweli. "Wewe ndiye yule yaya! Jamani, huyu ndiye yaya wa Baba! Aliyeacha shule kwa ajili yake!" Wakubwa wakageuka, leso zikaanza kutoka. "Bibi, tafadhali, keti. Andika. Baba angefurahi sana. Au nikuandikie?"

"Nitaandika."

Akapiga magoti mbele ya meza ile fupi, akakalia visigino. Masaomi akamsogezea brashi ya wino wa kijivu iliyokuwa pale. Isono akaisukuma pembeni. Akatoa brashi yake, akafungua kichupa, akamimina kwenye kisahani. Hakutia maji.

Ukurasa wote ulikuwa wa kijivu, majina ya wakubwa yamepauka kama moshi, machozi ya bomba. Isono akachovya, akashusha brashi, akaandika Torigoe Isono toka juu hadi chini, polepole, bila kunyanyua macho. Jina likakaa pale jeusi ti, linang'aa bado bichi, na kila mtu aliyesimama karibu aliliona. Mzee mmoja wa mkoa akavuta pumzi kwa meno.

Masaomi akainama, akashusha sauti. "Bibi, pengine hukuambiwa. Wino wa msibani huwa..."

"Mwepesi. Najua, mwanangu. Maana yake machozi." Isono alifuta brashi kwa kitambaa chake. "Mimi yangu niliyamaliza chini ya dirisha la shule, nikiwa na baba yako mgongoni. Sikuacha shule kwa hiari. Bibi yako aliniachisha, jikoni, mbele ya wapishi. Nilimwuliza baba yako yaya wake aliitwa nani, hakujua. Sasa limeandikwa. Lisome."

Mpiga kinanda wa nyumba ya mazishi, sijui kwa nini wanaweka kinanda, aliendelea kupiga.

"Lisome," alisema tena.

"Torigoe... Isono," akasema Masaomi. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Kisha, kwa sababu wageni wa mkoa walikuwa wanatazama, akashika kona ya ukurasa. "Bibi, tafadhali. Tufungue ukurasa mwingine, uandike upya kwa hii nyepesi. Kwa heshima ya Baba tu."

"Baba yako ndiye aliyenifundisha," Isono akajibu, akijiinua kwa kushika meza. "Mstari ukishawekwa haurudiwi."

Akaenda mbele, akafukiza ubani, akakutanisha viganja mbele ya picha ya marehemu, akainama kama inavyotakiwa. Anayesema hakujua adabu aseme ni adabu ipi aliyoiacha. Kisha tukatoka, tukapita zile mashine, na yule binti wa glavu akatuinamia kwa sababu hakuwa ameelewa lolote.

Nje theluji ilikuwa imeanza, ile laini isiyoshika koleo. Tulitembea mpaka kwenye kituo cha basi. Nilikuwa bado na hasira, nikitafuta neno la kumwambia. Yeye alikuwa anakumbuka mkono wake ulivyokwenda.

"Ile 'so' imepinda, Fundi. Uliiona?"

"Niliiona, Dada."

"Kiasi gani?"

"Inaonekana."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akafunga mkoba wake. "Basi," alisema. "Na ionekane."